Miaka Mitano ya Kusema Hakuna

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, mgongo wangu mzima, na hakuna aliyenizawadia saa ya ukutani. Lakini kazi nimeifanya miaka mitano, na nyinyi wadogo zangu wa ukoo huu, mnaodhani kila Jumanne nilikuwa nikitoroka shule kwa raha zangu, nawaandikia mjue mwenzenu alikuwa wapi. Vyeo na mishahara nitaviruka. Cheo nilikuwa nacho kile kile kimoja tangu siku ya kwanza, na mshahara ulikuwa juisi ya embe ya pakiti kwenye kituo cha petroli cha Izki.

Kazi yenyewe ilikuwa kumtafsiria Bibi, Kiswahili kwa Kiarabu, kwa daktari wa akili.

Naandika "daktari wa akili" kwa kuwa nimeshatoka kazini na hamna cha kunifanya. Zamani neno hilo halikutamkwa nyumbani kwetu Ibra, hapa Oman. Ilisemwa "safari ya Nizwa", kama vile tunakwenda kununua halua. Mgonjwa alikuwa Ami Saidi, mdogo wake baba. Nyote mnamjua: ndiye anayewapa zawadi mara tatu kwa siku mwezi mzima, kisha miezi mitatu hamumwoni. Ami ana misimu miwili. Msimu wa juu hulala saa mbili tu na kuamka na mipango. Msimu wa chini hulala akitazama ukuta, na hata kunywa maji kwake ni kazi. Baina ya misimu hiyo huwa mtu wa kawaida, fundi mzuri wa pampu za maji, mchekeshaji kunishinda mimi, na hilo silikubali kwa kila mtu.

Mtauliza mbona Nizwa, na hali Ibra ipo hospitali na daktari wa namna hiyo huja kila wiki. Hapo ndipo mtakapowajua wakubwa wenu. Watu wa Ibra huenda Nizwa ili wasionekane na watu wa Ibra. Watu wa Nizwa, kwa sababu hiyo hiyo, huja Ibra. Jumanne asubuhi magari yanapishana njiani, kila gari lina mgonjwa mmoja, bibi mmoja na chupa moja ya kahawa, na wote wanakutana Izki kwenye petroli, wanasalimiana kwa adabu kubwa, na hakuna anayemuuliza mwenziwe anakwenda wapi.

Aliyenifundisha kazi ni binamu yetu Hilali, mkalimani aliyenitangulia. Yeye aliachishwa alipofika miaka kumi na sita kwa sababu sauti yake ilibadilika, na Bibi akasema sauti nene inayafanya majibu yaonekane makubwa. Hilali alinikabidhi vifaa: mfuko wa kitambaa wa kutilia faili, chupa ya kahawa, biskuti za ufuta, na vitambaa viwili vya mkononi, kimoja cha machozi, kimoja cha tende. Akaniketisha akanipa sharti moja.

"Tafsiri anachosema Bibi," akasema. "Usitafsiri anachokijua."

Nilikuwa darasa la sita. Nikaona huyu binamu yangu ana hekima ya ajabu.

Siku yangu ya kwanza nilitapika njiani mara mbili, nikafika nimepauka kuliko mgonjwa. Mlango wa daktari haukuandikwa kitu, na benchi lake lilikuwa moja na la daktari wa meno. Mama mmoja aliyekaa hapo alimuuliza Bibi kwa Kiarabu tumekuja kwa nini. Mimi nikatafsiri. Bibi akajibu, "Mwambie meno," naye tangu nimjue hana hata moja. Yule mama akatikisa kichwa kwa huruma akasema nao ni meno. Kijana wake, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa akivua kiatu na kukivaa, akivua na kukivaa. Benchi zima siku ile lilikuwa la meno. Na mimi shuleni nikawa nasema hivyo hivyo, hata mwalimu wa sayansi akaniita mbele akaniomba nifungue mdomo, maana kwa hesabu yake nilikwisha tibiwa meno mengi kuliko aliyonayo ngamia.

Daktari wa siku zile alikuwa mzee asiyeinua macho. Alikuwa na maswali yake kwa mpangilio, naye aliyauliza akiiuliza karatasi. Halali? Hali? Hasemi? Bibi alijibu yote kwa Kiswahili, mimi nikayavusha. Kisha, "Amewahi kuwa na furaha ya kupita kiasi, halali na wala hachoki?"

"Mwambie mwanangu mchangamfu tu," Bibi akasema.

Nikasema mchangamfu.

"Katika ukoo kuna mwingine mwenye maradhi kama haya?"

"Mwambie hakuna. Sisi damu yetu safi."

Nikasema hakuna. Sehemu ya damu safi niliiacha, niliona ni tangazo.

Sasa na nyinyi mnajua, kama nilivyojua mimi, kwamba yupo. Bi Zuhura, dada yake Bibi aliyebaki Unguja, aliwahi kufagia njia nzima ya mtaa wao alfajiri saba mfululizo, akiimba, kisha akajifungia ndani mwaka. Bibi mwenyewe kila akijifungua, zile siku arubaini zake zilifika mia, na watoto walinyonyeshwa na jirani. Habari hizi husimuliwa kwetu kila Idi, watu wakicheka hadi machozi. Ila husimuliwa kama vituko. Hakuna aliyewahi kuziita maradhi, kwa sababu ukoo una mabinti, na Bibi aliamini kuwa kikishaandikwa kitu kwenye faili, faili lenyewe litatoka kwa miguu lipite nyumba hadi nyumba likiwahadithia akina mama wa waoaji.

Basi yule mzee, kwa maelezo niliyompa, alimwona mtu mwenye huzuni tu, akampa dawa ya kuinua. Nayo ikainua. Wiki tatu baadaye Ami alikuwa ameinuka kitandani, akaendelea kuinuka. Jumanne iliyofuata, wakati wa kurudi, alitulazimisha tusimame gereji moja pale Firq, akawekewa honi nne kwenye pikapu, mbili mbele na mbili nyuma, maana alisema walio nyuma nao wana haki ya kuonywa. Tulirudi Ibra tukisikika kama harusi. Bibi alifurahi mno. "Dawa hii ina nguvu," akasema.

Na ile safari yenu ya kasa mnayoisifia mpaka leo ndiyo hiyo. Aliwapakia kumi na mmoja nyuma ya pikapu bila kumuaga mtu, mkaenda Ras al Jinz saa saba mchana, na kasa hutoka usiku, kwa hiyo akauhutubia mchanga. Mlicheka sana. Kurudi, kabla ya kufika Sur, gari likatoka barabarani kwa mwendo mliokuwa mkiushangilia, na Maryam akavunjika mkono.

Maryam, mkono wako ule haukunyooka sawasawa mpaka leo. Nami nilikuwa na sehemu yangu. Nilitafsiri "mchangamfu".

Baada ya hapo Ami alishuka, akashuka hasa, kwa kuwa sasa alikuwa na aibu ya kushukia nayo. Kazi yangu ya miezi ile ilikuwa kukaa naye chumbani baada ya shule. Nawapa siri moja ya ufundi: usimwambie mtu wa namna hiyo achangamke. Mimi nilikuwa nafanya hesabu zangu za nyumbani kwa sauti, kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo. Siku ya tisa, bila kugeuka kutoka ukutani, akasema neno moja.

"Umekosea."

Nikatazama. Kweli nilikuwa nimekosea. Nikaanza kukosea kwa makusudi. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa akinitukana kabisa, na Bibi akapika biriani.

Huu ndio wakati dada yangu Raya alipopata leseni na kuwa dereva wa safari ya Nizwa. Raya ni mwalimu, ananizidi miaka saba, na miaka miwili mizima hakuwahi kuingia mle ndani. Alituacha mlangoni akakaa garini na dirisha limefungwa. Nilidhani ni maringo. Siku moja nikitafuta kalamu kwenye mkoba wake nikakuta daftari. Kila ukurasa una tarehe, saa aliyolala, saa aliyoamka, na neno moja: "sawa", au "furaha?", au "huzuni?". Alama za kuuliza ni zake. Akifurahi, anaogopa ameanza kupanda. Akisikitika, anaogopa ameanza kushuka. Kumbe ndiyo sababu harusini hacheki mpaka mwisho, anakata katikati kama mtu aliyekumbuka jiko. Mwanamke wa miaka ishirini na nne, mzima wa afya, alikuwa anaishi kwa kujilinda mwenyewe kama askari wa zamu.

Nilimrudishia daftari nikamwambia, "Kwa daftari hili, mwenye wazimu mimi namjua."

Mzaha wangu kwa kawaida hufanya kazi. Huo ulimliza. Ndipo akanieleza. Mwalimu mwenziwe, Suleiman, mtu wa Bidiya, anamtaka, naye anamtaka. Mama yake Suleiman atakuja Alhamisi kuuliza, kama desturi, ukoo una nini na hauna nini.

"Nitamwambia hakuna," nikasema. "Nimezoea."

"Sitaki aoe hakuna," Raya akasema. "Na sitaki kumjibu mtu kabla sijajua nimebeba nini."

Jumanne ile, kufika Nizwa, alizima gari akashuka nasi.

"Wewe unakwenda wapi?" Bibi akamuuliza.

"Meno," akasema Raya, akatangulia.

Wakati huo yule mzee alikwisha ondoka, na pahala pake alikuja Daktari Samia, mwanamke wa Sudan, miwani yake juu ya kichwa na nyingine kifuani, akitafuta ya tatu. Huyu aliinua macho. Alisoma faili letu, akamtazama Ami, akasoma tena, akasema faili na mtu havilingani. Akatoa karatasi kubwa akaanza kuchora: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mstari kwa ndoa. Bibi alisogeza kiti.

"Muulize hilo duara ndiyo mimi?"

Nikauliza. Ndiyo, ni yeye.

"Mwambie mbona dogo?"

Daktari akalifuta akalichora upya, kubwa. Bibi akaridhika. Mraba wa Ami ukatiwa wino. Kisha daktari akaiweka kalamu katikati ya karatasi akauliza lile swali langu la miaka mitano: katika hawa, nani mwingine aliumwa kama Saidi?

"Mwambie hakuna," Bibi akasema.

Nikafungua mdomo. Wallahi neno lilikwisha fika kwenye ulimi, lilikuwa linajua njia. Nikamwona Raya amelishika daftari lake kwa mikono miwili. Nikasema kwa Kiarabu:

"Dada yake Bibi aliimba siku saba kisha akajifungia mwaka. Bibi naye kila akijifungua. Na mimi nilisema Ami ni mchangamfu, na haukuwa uchangamfu."

Bibi alikuwa anatazama feni ya dari. Kisha akasema, na hakusema na mimi, alisema na daktari, kwa Kiarabu cha Ibra kisafi, chenye viapo vyake vyote:

"Ni dada wawili, si mmoja. Andika vizuri."

Chupa ya kahawa ikaniponyoka.

"Bibi, unajua Kiarabu?"

"Nimekaa hapa miaka thelathini. Ulidhani nanunua samaki kwa ishara?"

"Basi mimi nilikuwa wa nini?"

"Nikisema hakuna mimi, nimesema uongo," Bibi akasema. "Ukisema wewe, umetafsiri tu."

Kisha akamweleza daktari habari ya dada wa pili, ambayo hata kwenye Idi hatujawahi kuisikia. Alikuwa mdogo wao, jina lake Asya. Alianza kwa kutolala, akaishia kwa kutokula. Nyumba nzima ilisema ni kijicho cha watu, wakamchomea ubani, wakamfungia chumba cha juu wageni wasimwone. Alikufa na miaka ishirini. Bibi alichukua kalamu ya daktari akalichora duara la Asya kwa mkono wake mwenyewe, limepinda pinda.

Ami Saidi alikuwa akilitazama.

"Mama," akasema, "mimi miaka yote hii nadhani ni mimi peke yangu niliyeharibika katika nyumba hii."

Bibi alitaka kitambaa. Nikampa cha tende, sikuwa najua ninachofanya.

Raya alingoja mpaka wote wamemaliza, ndipo akauliza lake. Alitaka kipimo. Kama kipo kipimo cha damu cha wachumba cha seli mundu, basi na hiki lazima kipo, apimwe aambiwe.

"Hakipo," daktari akasema. "Kingekuwepo ningejipima mimi kwanza."

Akamweleza polepole, na hapa sikutafsiri kitu, kila mtu chumbani alikuwa anakisikia Kiarabu chake. Kinachorithiwa si ugonjwa, alisema, ni wepesi wa kuupata. Wewe una wepesi zaidi kidogo kuliko jirani yako, na wengi wenye ami kama huyu huzeeka wasiupate. Siwezi kukuahidi. Yeyote atakayekuahidi anakudanganya. Mnao ukoo wa sukari na presha, hamkuacha kuoana, na halua mnakula.

"Halua ni jambo jingine," Bibi akasema.

"Lala vizuri," daktari akaendelea, "lakini usijiandikie usingizi. Uwe na watu wawili wenye ruhusa ya kukwambia umebadilika, na uwaamini siku hiyo. Ukijifungua, pasiwe na siku ya kuachwa peke yako. Na ukipatwa, kuna dawa, na huja mapema kama mtu hakusema meno." Akanyoosha mkono. Raya akampa lile daftari. Daktari alilipekua, akamrudishia. "Nina wagonjwa hawajiangalii hivi," akasema. "Ami yako alikuwa mgonjwa miezi fulani ya mwaka. Wewe umejitia ugonjwani mwaka mzima."

Alimbadilishia Ami dawa, ile ya kuinua ikaondoka. Njia nzima ya kurudi Bibi alizungumza Kiarabu, kama mtu aliyefungua kabati la nguo za zamani. Ana matusi mazuri sana.

Alhamisi akaja mama yake Suleiman, Bi Thuwaiba, mwanamke mnene, mwenye heshima, dhahabu hadi kwenye kiwiko. Nilimwamkia kwa Kiarabu, nikapitisha tende, nikakaa karibu na Bibi tayari kwa kazi. Bi Thuwaiba alizungukazunguka, mvua, bei ya mbuzi, halafu akafika: "Na afya za ukoo, inshallah?"

Bibi akaweka kikombe chini. Alisema yote. Zuhura, Asya, Saidi, na yeye mwenyewe na zile siku mia. Alisema na jina la dawa. Raya alikuwa amekaa mlangoni, hajaficha uso.

Bi Thuwaiba alizungusha bangili zake hadi kahawa ikapoa. Nilikuwa nimekwisha anza kupanga jinsi nitakavyomchekesha Raya usiku ule, na sikuwa nimepata hata mzaha mmoja.

"Kwetu ni kaka yangu," akasema mwisho. "Tumemweka shambani Bidiya, chumba cha nyuma ya mitende. Watu wanajua yuko Dubai. Mwaka wa kumi na mbili huu yuko Dubai."

"Anapelekwa kwa daktari?" Raya akauliza kutoka mlangoni. Binti anayeposwa hasemi katika kikao hicho. Alisema.

"Nani atampeleka, mwanangu? Tungeonekana."

Nikamwona Raya anavyohesabu: wepesi wa huku, na wepesi wa kule. Alinifuata jikoni, akaosha uso. Nikamuuliza itakuwaje sasa, maana mkwe mtarajiwa amekuja kuuliza akaacha mzigo wake.

"Sasa ndiyo najua namjibu nani," akasema.

Alimpigia Suleiman mwenyewe, mbele yangu. Alimwambia habari za kwetu na habari alizosikia za kwao, na kuwa yeye Raya akikosa usingizi siku tatu, Suleiman aseme, asimtafutie jina jingine. Na Suleiman akinyamaza wiki nzima, yeye atasema. Kama anaweza hayo, ajibu. Sijui alijibu nini, lakini Raya alicheka, na nilikuwa nasikiliza kwa makini, akacheka mpaka mwisho.

Jumanne iliyofuata Suleiman aliwaleta mamake na mjomba wake Ibra mapema. Mjomba alikuwa mwembamba, mkono juu ya macho kwa jua, na Ami Saidi alimfungulia mlango, akamwonyesha honi zote nne moja baada ya moja. Raya kwenye usukani, Bibi mbele, nyuma Ami, mjomba, na Bi Thuwaiba aliyejaza pahala pa watu wawili. Mimi nilikuwa nimesimama uani na mfuko wangu wa kitambaa, faili ndani, biskuti ndani, nikingoja watu wasogee.

Bibi aliteremsha kioo, akanyoosha mkono akauchukua ule mfuko.

"Wewe nenda shule," akasema. "Huko tunasema wenyewe."